Bi Genė, Chujio la Mwanga na Mnara wa Gervėnai

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Daktari Genovaitė Raudeliūnienė, ambaye hakuna anayemwita hivyo isipokuwa benki, anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na minne. Alipaswa kustaafu mwaka jana. Aliahirisha kwa sababu ya mnara wa kanisa, na kwa kuwa kila mtu hapa Vilnius anaisimulia habari hiyo kwa namna yake, wengine wakimpandisha Bi Genė juu ya paa na tochi mdomoni, Idara ya Majaribio imeona heri iandikwe mara moja na mtu aliyekuwepo.

Alifika kwetu Septemba 1991, akitoka kutetea shahada yake. Nchi ilikuwa imepata uhuru juzi tu, na kampuni ilikuwa vyumba viwili nyuma ya taasisi, chumba kimoja kikiwa na dirisha lisilofungika. Walisugua vioo wakiwa wamevaa makoti. Wanaomkumbuka wakati huo wanasema alikuwa mwembamba, mkali, na siku ya kwanza alikihamisha kiti cha mkurugenzi kwa sababu kilikuwa kikilia na kutikisa meza ya vipimo. Mkurugenzi alikuwa amekikalia.

Kwa wageni waliokuja kwenye sherehe kwa ajili ya keki, inafaa tueleze alichokuwa akitengeneza miaka yote hii. Unyuzi mmoja wa kioo, mwembamba kama unywele, hubeba rangi nyingi za mwanga kwa pamoja, na kila rangi ina ujumbe wake. Chujio la Bi Genė huruhusu rangi moja tu ipite, tena ukanda mwembamba sana wa rangi hiyo, na kuzizuia nyingine zote. Ndani yake mna vioo viwili vinavyotazamana. Mwanya ulio kati yake ukipanuliwa au kubanwa kidogo, chujio huhamia rangi nyingine, kama mtu anavyozungusha kitufe cha redio akitafuta stesheni. Na kidogo hicho ni kidogo kwelikweli. Joto likipanda, chujio huhama lenyewe. Ukipiga mluzi karibu nalo likiwa wazi, huhama pia. Wazee wetu walitukataza kupiga mluzi ndani ya nyumba wakisema unaita mashetani. Bi Genė naye alitukataza, na hakuwahi kusema kama ni kwa ajili ya chujio au ya mashetani.

Si mtu mpole, na hatutamfanya mpole leo kwa kuwa anaondoka. Neno lake la kwanza kwa kila hitilafu ni "Nani kaligusa?" Hivyo ndivyo anavyoitikia simu. Mumewe anasema kwamba kwenye arusi ya binti yao, kipaza sauti kilipozimika katikati ya wimbo, Bi Genė aliinuka meza kuu akauliza "Nani kakigusa?" kwa sauti iliyomfanya bwana arusi anyanyue mikono yote miwili. Wengi wetu tumejibu swali hilo mara nyingi, na jibu letu limekuwa lile lile: hakuna aliyeligusa. Mara nyingi ilikuwa kweli. Mteja mmoja wa kusini aliwahi kurudisha chujio akidai kwamba linaruka kila asubuhi bila kuguswa. Bi Genė alimpigia simu akamuuliza, "Ofisini kwenu mnakunywa kahawa saa ngapi?" Mteja alikasirika, kisha akaenda kuihamisha mashine ya kahawa.

Machujio yake leo yanalinda njia za simu na intaneti, yakipita rangi baada ya rangi kuona kama kila moja ina nguvu ya kutosha. Mengine yako kwenye mabwawa na mahandaki. Ana hataza tatu za uvumbuzi, amelea nusu ya wahandisi wa jengo hili, na amewaliza karibu wote. Kwenye kantini hunywa supu baridi ya bitiruti hata Januari, barafu ikiwa dirishani, na ukimtazama kwa mshangao anakwambia hali ya hewa si mpishi wake.

Sasa mnara.

Gervėnai ni mji mdogo wa kaskazini, upande wa mpaka wa Latvia. Una kanisa la matofali mekundu, na mnara wake umeinama kidogo tangu wakati wa vita. Majira ya kuchipua ya mwaka jana tulibandika nyuzi za kioo ndani ya kuta zake zote nne. Tofali likivutika, unyuzi huvutika nalo, na rangi ya mwanga unaorudishwa hubadilika. Chini, ndani ya sakristia, chumba ambamo padre huvalia mavazi ya ibada, tuliweka sanduku la chuma lenye chujio la Bi Genė na hita ndogo ya kulifanya joto lake lisishuke. Chujio husoma rangi za nyuzi zote, na matokeo yake huja hadi kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ukutani mwa chumba chetu, yakiwa mstari mmoja tu ambao hata mtoto anaweza kuusoma: ukilala, mnara umetulia, ukipanda, mnara unasogea. Kengele ya kanisa ilinyamazishwa mpaka ijulikane kama mnara ni salama.

Kiangazi chote mstari ulilala. Septemba ukaanza kupanda, na Oktoba ulikuwa juu kiasi kwamba kamati ya mji iliandaa azimio la kuushusha mnara hadi usawa wa paa kabla theluji haijaanguka. Kengele ingepelekwa makumbusho. Padre Liudvikas, paroko wa Gervėnai, alitupigia simu. Hakulalamika. Alieleza tu kwamba siku ya Vėlinės, ile ya kuwakumbuka marehemu mwanzoni mwa Novemba, wakati wa kusoma majina ya marehemu wa parokia, tangu babu zao kengele hupigwa mara moja baada ya kila jina, na kwamba waumini wake wazee walikuwa wakimuuliza kama mwaka huo wapendwa wao wataitwa kimya kimya kama watu wenye deni. Kisha akauliza, "Daktari, ni kweli unasogea?"

Bi Genė alifungua vipimo vya kila ukuta peke yake. Alivitazama mpaka supu ikamharibikia mezani, kisha akamwita Rimgaudas, mkuu wetu wa mauzo. "Angalia hapa," alimwambia. "Mti ukiinama, upande mmoja hubanwa, upande wa pili huvutika. Huu wote umevutika, pande zote nne, sawasawa. Mnara umekuwa mtoto, urefuke?"

Rimgaudas si mtu mbaya, naye ameisoma aya hii kabla ya kuchapishwa. Lakini wakati huo alikuwa anakaribia kutia saini na mamlaka ya madaraja ya nchi jirani iliyotaka machujio hayo hayo kwa madaraja yake yote. Alielewa haraka kuliko alivyopenda. Kama mnara haukusogea, basi kilichosogea ni chujio. Ama mnara ushuke, ama lishuke jina la kazi ambayo Bi Genė ameifanya maisha yake yote, tena akiwa mlangoni pa kustaafu.

"Genė, dada yangu, nakuomba," alisema. "Nyamaza mwezi mmoja tu. Wakiushusha mnara, nani atakufa? Watakushukuru kwa kuwaokoa."

"Na kengele?"

"Kengele itakaa makumbusho, ndani, penye joto. Itakuwa na raha kuliko sisi."

"Rimgaudas, hebu nenda kanywe maji," alisema Bi Genė, akavaa koti.

Aliyeandika haya ndiye aliyembebea kompyuta siku ya kikao cha Gervėnai, kwa hiyo hapa hasimulii ya kusikia. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wamevaa kama wanaokwenda mazishini. Kwenye safu ya pili aliketi mhandisi wa mamlaka ya madaraja, ambaye Rimgaudas mwenyewe alikuwa amemwalika wiki kadhaa nyuma ili aone jinsi kifaa chetu kilivyo hodari. Bi Genė alisimama, hakutumia picha hata moja. Alisema, "Mnara wenu haujasogea. Chujio langu ndilo lililosogea, na bado sijui kwa nini."

Mtu mmoja alicheka, akaacha alipoona yuko peke yake. Mwenyekiti wa kamati alivua miwani. "Mama, umekuja kutuuzia kifaa, halafu unatwambia tusikiamini?"

"Sikuja kuuza. Kifaa msikiamini kwa sasa. Mimi nipeni mpaka Vėlinės."

Walimpa, kwa tofauti ya kura chache. Mhandisi wa madaraja alikunja koti lake mkononi akatoka bila kuaga. Tuliporudi mjini, Bi Genė alimwambia dereva ampitishe dukani, kwani huwezi kwenda kwa watu mara ya pili bila keki.

Na hapo ndipo adabu yake ilipomponza. Bi Genė hajawahi kuingia nyumbani kwa mtu bila kupiga simu kwanza. Alipiga simu parokia, akasema tunakuja kesho, tukaenda na keki. Tulikuta sakristia inang'aa, sanduku limepanguswa mpaka unajiona, na mstari umelala chini kabisa. Tulilifungua chujio, tukalipima, tukalipoza, tukalipasha. Lilikuwa zima kabisa. Tukarudi Vilnius, na siku ya pili yake mstari ukapanda. Tukapiga simu, tukanunua keki nyingine, tukaenda tena. Umelala. Tukarudi. Umepanda. Rimgaudas, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekata tamaa na kwa hiyo amerudisha utani wake, alisema chujio linamwogopa mama yake.

"Nani kaligusa?" Bi Genė aliuliza kila safari. Padre Liudvikas aliapa kwa daraja lake la upadri. Bi Bronė, mtunza nyumba ya paroko, mama wa miaka sabini na ushei mwenye viganja vipana kama makasia, alipiga ishara ya msalaba. "Bikira Maria ni shahidi, mwanangu, sijalitia hata kidole."

Siku za Vėlinės zilikuwa zimekaribia sana tulipokwenda mara ya tatu. Tulipima, tukakuta hakuna kitu, na Bi Genė akaanza kukusanya vifaa vyake taratibu, kama mtu anayefunga duka. Padre hakutuacha tuondoke na njaa. Bi Bronė aliandaa maandazi makubwa ya viazi yaliyojazwa nyama, na juu yake mchuzi wa maziwa mgando na uyoga.

Lazima ijulikane kwamba Bi Genė ni mtu wa Dzūkija, mkoa wa misitu wa kusini, ambako watu hufundishwa uyoga kabla ya kufundishwa kusali. Alimeza kipande cha kwanza. Cha pili alikitafuna polepole. Cha tatu alikiinua kwenye uma akakitazama kwenye mwanga wa taa ya darini.

"Bi Bronė," alisema, "huu uyoga umeukaushia wapi? Haunuki moshi. Haujaungua kingo. Mweupe hivi, kama wa sikukuu."

Bi Bronė aliona haya kwa furaha. "Siri yangu hiyo."

"Mimi nastaafu, dada. Nitakwenda nayo kaburini."

"Kwenye kile kisanduku chenu!" alisema Bi Bronė. "Kina joto zuri, joto la kulea vifaranga. Nautunga kwenye uzi, nautandaza juu yake, naufunika kwa taulo usipate vumbi. Siku mbili tu, umekauka kama karatasi. Joto la bure lile, liende hivi hivi?"

"Na sisi tukija?"

"Mkija nauondoa, mama. Wageni mtanionaje, sakristia imekuwa soko?"

Padre Liudvikas alifunika uso kwa mikono miwili. Bi Genė aliweka uma chini. Sisi tuliomzoea tulijiandaa kwa lile swali lake na sauti yake ile. Badala yake alianza kucheka. Alicheka akainama, akacheka akainuka, akaenda kucheka barazani, na tuliposikia kimya tukadhani amemaliza, kumbe anavuta pumzi. Bi Bronė alisema kweli tupu: hakuligusa. Taulo ndilo lililoziba matundu ya hewa, na ile hita inajua kuongeza joto lakini haijui kulipunguza. Kila uyoga ulivyozidi msituni ndivyo chujio lilivyozidi kuhama, na kila tulipopiga simu kusema tunakuja, Bi Bronė alifanya usafi.

Kamati iliitwa sakristia. Bi Bronė alivaa kitambaa chake cha sikukuu akatandaza uyoga juu ya sanduku, akafunika taulo kwa unyenyekevu wa mtu anayepamba altare, na wajumbe wote wakatazama kompyuta. Walipomaliza chai mstari ulikuwa umepanda. Aliondoa taulo, ukashuka. Mwenyekiti aliomba irudiwe. Ilirudiwa. Kisha Bi Genė akawaonyesha vipimo vya kiangazi chote, ambavyo havikuguswa na uyoga wowote, na mnara ule mkongwe ulikuwa umetulia ndani yake kama ng'ombe aliyelala. Kila mjumbe aliondoka na shada la uyoga mkononi, na azimio la kuushusha mnara likaondolewa. Kengele iliruhusiwa, kwa sharti kwamba sisi tuwe tunatazama.

Kwa hiyo jioni ya Vėlinės, wakati Gervėnai nzima iko makaburini na mishumaa, Bi Genė alikuwa sakristia mbele ya kompyuta, kiganja kimoja juu ya sanduku, sasa bila uyoga wala taulo. Padre alisoma jina la kwanza. Kengele ikalia, mstari ukatikisika, ukarudi mahali pake. Jina la pili, ukatikisika, ukarudi. Alikaa hivyo mpaka jina la mwisho, na alikuwa akilia, na aliyesimama karibu naye alikuwa akilia pia na hana haja ya kuficha.

Mkataba wa madaraja ulikufa mwaka huo, tusidanganyane. Ndiyo sababu Bi Genė aliirudisha barua yake ya kustaafu mfukoni. Alikaa mwaka mmoja zaidi akitengeneza sanduku jipya, linaloweza kujipasha na kujipoza, matundu yake yakiwa chini, na mfuniko wake ukiwa umechongoka kama paa la nyumba, mteremko mkali pande zote mbili. Kitu chochote ukikiweka juu kinaporomoka. Alikwenda kulijaribu kwa Bi Bronė mwenyewe, akampa uyoga na taulo na ruhusa ya kufanya atakavyo, na Bi Bronė alihangaika nusu saa akasalimu amri. Mhandisi wa madaraja alirudi masika haya na akatia saini. Wateja wa mbali huuliza kwa nini kifaa cha maabara kina paa la kanisa, na kitabu cha maelekezo kinajibu kwa sentensi moja: usianike chochote juu ya kifaa. Rimgaudas huisimulia habari yote kwenye maonyesho ya biashara, na kwa masimulizi yake, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ukweli usemwe. Tumemwachia.

Bi Genė, hadi hapa tumekuzungumzia kama hupo. Sasa tunakugeukia. Asante kwa machujio, kwa ukali, kwa kutufundisha kwamba mstari ukipanda mtu huanza kujishuku mwenyewe. Tunajua ulikataa hotuba na ukakataa saa ya ukutani. Zawadi yako haikufungwa kwenye karatasi, na programu hii ya sherehe imegawiwa dakika chache kabla ya saa sita mchana kwa makusudi.

Ukifika kwenye aya hii, inua macho uangalie kioo ukutani. Ni mstari wa Gervėnai, umelala. Saa sita itakapogonga utatikisika, kisha utarudi mahali pake, kisha utatikisika tena, mara moja kwa kila mwaka uliofanya kazi nasi. Utataka kuuliza swali lako. Uliza tu, mama, tumelingojea miaka yote, kwa sababu leo kwa mara ya kwanza tunalo jibu: Bi Bronė ndiye kaligusa. Ameshika kamba ya kengele kule Gervėnai kwa viganja vyote viwili, amevaa kitambaa cha sikukuu, na ameahidi hatakosea hesabu.

Maisha mema, Bi Genė, ya afya, ya msitu uliojaa uyoga na nyumba iliyojaa wajukuu. Kesho wapigie mluzi ndani kadiri upendavyo.

Tautvydas, kwa niaba ya Idara ya Majaribio